Farasi alimliza binti yangu, mimi nikalizwa na kifungua kinywa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 44, nina mke na binti wa miaka tisa. Barua hii nimeiandika mara mbili nikaifuta, maana mtu mzima kuomba ushauri juu ya sinema ya watoto ni kichekesho. Ukicheka sitakulaumu.

Utotoni tulikuwa na kanda ya video ambayo mimi na kaka yangu tuliitazama hadi picha ikaanza kuchezacheza. Ilikuwa The NeverEnding Story ya mwaka 1984. Kwa asiyeijua: mvulana aitwaye Bastian amefiwa na mama yake, wenzake wanamwonea, na siku moja anajificha darini shuleni na kitabu alichokinyakua katika duka la vitabu. Ndani ya kitabu hicho, nchi ya Fantasia inamezwa kidogo kidogo na kitu kiitwacho Utupu, Malkia wake yu mgonjwa, na kijana Atreyu anatumwa, pamoja na farasi wake Artax, kwenda kutafuta dawa. Tulikuwa tukiigiza sebuleni. Kaka, kwa kuwa ndiye mkubwa, alikuwa Atreyu. Mimi nilikuwa farasi. Kila jioni nilizama katikati ya mito ya kochi huku kaka akinivuta kwa mkanda wa suruali na kunipigia kelele nisikate tamaa. Tena alinipa siri: kwamba farasi yule alikufa kweli siku ile wakipiga picha. Niliamini, na sina hakika kama niliwahi kuacha kuamini.

Jumamosi iliyopita nilimwita binti yangu tuitazame. Niliisubiri siku hiyo wiki nzima. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Alimcheka popo anayesinzia huku anapaa, akalipenda lile jitu linalotafuna mawe kama biskuti. Kisha tukafika kwenye kinamasi. Unajua kilichopo pale: ukiruhusu huzuni ikuingie, unazama. Artax akasimama, Atreyu akaanza kumvuta na kumsihi, matope yakapanda hadi kwenye taya. Binti yangu hakulia mara moja. Alinigeukia akauliza, “Baba, ulijua?” Nikamjibu ndiyo, niliiona zamani. “Ulijua, halafu ukaniita nije nikae hapa?” Akaenda kulala chumbani kwa mama yake. Mke wangu alinitazama kama mtu niliyevunja sahani ya harusi.

Nikabaki nikaimalizia peke yangu, na hapo ndipo kwenye tatizo langu la pili. Lile joka jeupe la bahati, nililolala nikiliota miaka yote, safari hii niliona mdoli mkubwa mwenye sura ya mbwa. Kwenye kinamasi, mahali nilipokuwa nikilia hadi kwikwi, sikuhisi kitu. Wimbo wa mwanzo tu ndio ulinigusa. Wimbo, na sehemu moja ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa: mwanzoni, kabla ya mambo yote, Bastian anapata kifungua kinywa na baba yake. Baba amevaa suti, anapasua yai bichi kwenye blenda, anatia juisi ya machungwa, anakunywa. Mtoto anasema amemwota mama. Baba anasema anaelewa, lakini maisha lazima yaendelee. Kisha anamkumbusha kwamba mwalimu wa hesabu amepiga simu, kwamba amekuwa akichora farasi kwenye daftari.

Shangazi, mama yangu mzazi alifariki miezi saba iliyopita. Alikuwa akiishi kwetu, akilala chumba kimoja na binti yangu. Aliugua miezi mitatu. Mtoto tulimwambia bibi ana uchovu. Siku hizi hatumtaji sana, ili asiumie. Na Jumatano ya wiki ile ile mwalimu alinipigia kunieleza kwamba binti yangu hamalizi kazi zake. Asubuhi yake nikamwambia, funguo ziko mkononi, kwamba bibi asingependa kifo chake kiwe kisingizio.

Ile sehemu ya yai niliirudia mara tatu. Nilingoja mpaka mwisho nione yule baba atafanya nini. Hakurudi. Mwisho ni mtoto yuko juu ya joka anawakimbiza wale waliomwonea, basi, majina yakapanda.

Naomba uniambie: nilimkosea mtoto? Niiache sinema hii ibaki kumbukumbu yangu mwenyewe? Na mbona naona nyuzi na plastiki mahali nilipokuwa nikiona joka, nimekauka?

Wako, Farasi


Marahaba mwanangu,

Nimecheka kidogo, pale penye mkanda wa suruali. Baada ya hapo sikucheka tena.

Tuanze na deni jepesi. Farasi hakufa. Uvumi huo ulizunguka dunia nzima, kaka yako hakuubuni yeye, ila alikuuzia. Farasi yule alifundishwa kwa wiki kadhaa kusimama juu ya jukwaa lililoshushwa taratibu ndani ya maji, naye akasimama kwa utulivu hadi maji yakafika kidevuni. Mpigie kaka simu umwambie, umri wenu unaruhusu. Na binti yako mwambie leo leo, maana yeye aliondoka pale Artax alipozama, na kwa hesabu zake Artax amekufa mpaka hivi ninavyoandika. Hakukaa hadi mwisho, ambako Fantasia inarudi na Artax anaonekana akikimbia uwandani na Atreyu mgongoni. Wewe umeshaiona mara mia, huwezi kukumbuka ilivyo kuondoka katikati.

Sasa lile swali lake. “Ulijua, halafu ukaniita nije nikae hapa?” Umeliandika kama swali la sinema. Mimi nimelisoma mara ya pili nilipofika pale uliposema bibi aliugua miezi mitatu na mtoto akaambiwa ni uchovu. Mwanangu, mtoto wa miaka tisa aliyelala kitanda cha pili chumba kimoja na mgonjwa alisikia usiku mambo ambayo ninyi hamkuyasikia. Alijua kuna kitu. Kisha bibi akaondoka, na akagundua kwamba wakubwa walikuwa wakijua siku zote. Jumamosi ukamkalisha tena kando yako, ukijua nani atakayezama, ukakaa kimya unamwangalia usoni. (Ulimwangalia, usinikatalie. Wote tunaowaonyesha watoto sinema zetu za zamani huwa hatutazami sinema, tunamtazama mtoto, tunangoja alie pale pale tulipolia sisi. Watoto huhisi macho hayo shavuni.)

Basi ulimkosea kwa kumwonyesha? Hapana. Ulikosea kwa kutomwambia kabla, tena hilo ni kosa la dakika moja. Ungesema, “Mbele kuna farasi anazama, mimi nilikuwa nalia, lakini mwishoni anarudi,” angekaa. Wako wanaodhani kumwambia mtoto mwisho ni kuharibu utamu. Mtoto anayetazama hadithi anayoijua hatazami kwa utamu mdogo. Wewe na kaka yako mliitazama hadi kanda ikachakaa, na mwisho mliujua.

Nije kwenye nyuzi na plastiki. Hujakauka. Joka lile, Falkor, kweli lilikuwa mdoli. Mwaka 1984 hapakuwa na kompyuta ya kukutengenezea joka. Waliunda umbo halisi lenye urefu wa zaidi ya mita 10, likiwa na mota ndani na watu kadhaa wa kuchezesha macho, midomo na nyusi, katika studio za Bavaria mjini Munich. Ilikuwa filamu ghali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa Ujerumani hadi wakati huo, takribani marki milioni 60. Ulipokuwa na miaka minane uliona nyusi zikinyanyuka ukasahau mengine. Sasa una miaka 44, unajua kitambaa ni kitambaa. Hata ule wimbo uliokugusa ni kiraka: Wajerumani wa wakati ule waliisikia filamu yao kwa muziki wa Klaus Doldinger, ila kwa toleo la kimataifa akaitwa Giorgio Moroder akatia vinanda vyake vya umeme, na wimbo wa Limahl ukawekwa mwanzoni. Kwa hiyo kitu pekee kilichobaki hai kwako kutoka utotoni ni kile ambacho watengenezaji walikibandika mwishoni. Sina la kuongeza hapo, nimeona tu ni jambo la kufurahisha.

Ila sikubali kwamba umeguswa na yai peke yake. Rudi umtazame yule mla mawe ambaye binti yako alimpenda. Kuna sehemu anakaa peke yake, ameshika mikono yake mbele ya macho. Mikono mikubwa, mikono ya jiwe. Rafiki zake wadogo alikuwa amewashika kwa mikono hiyo hiyo, na Utupu ukawavuta wakamponyoka. Sasa amekaa anaitazama. Watoto hupita hapo wakingoja joka. Mtu aliyewahi kushika mkono wa mgonjwa kitandani hapiti haraka. Wewe ulipita kwa kuwa ulikuwa na hasira na joka.

Na yule baba. Umeuliza kwa nini hakurudi. Hukuona vibaya, mwanangu: hayumo. Filamu inamwacha na glasi yake ya yai na kuendelea na safari zake. Ulipokuwa mtoto haikukusumbua kwa sababu kwa mtoto, baba wa kifungua kinywa ni kama meza. Yupo, anasema uache kuota, mnakwenda zenu. Sasa umeingia sebuleni kwa mlango wa pili. Umemwona mtu aliyefiwa na mke, amevaa suti saa moja asubuhi, hajui aseme nini, akachagua kusema habari za hesabu. Tena husikia vibaya hata hiyo: baba anasema farasi, mtoto anamrekebisha kwamba walikuwa na pembe moja katikati ya paji. Michoro yenyewe baba hajaitazama. Anairudia tu simu ya mwalimu.

Filamu inamaliza mahali ambapo kitabu kiko katikati. Kitabu cha Michael Ende kilitoka Ujerumani mwaka 1979, na nusu yake ya pili haikuingia kwenye kanda yenu. Ende mwenyewe aliichukia filamu hadi akataka utengenezaji usimamishwe au filamu ibadilishwe jina, akaenda mahakamani, akashindwa. Mimi siichukii. Ila kwa hili moja nampa haki.

Katika nusu ile ya pili Bastian anaingia Fantasia mwenyewe na kupewa uwezo wa kutamani chochote. Kila tamanio linatimia, na kila likitimia linamwondolea kumbukumbu moja ya nyumbani. Hasikii maumivu, ndiyo hatari yake. Anakuwa mzuri wa sura, shujaa, anaogopwa, na kila hatua anasahau kitu: kwamba alikuwa mnene, kwamba alichekwa, kwamba alisoma shule. Mwisho anamsahau mama na baba. Amebaki na jina lake tu anapofika kwenye mgodi wa mzee kipofu aitwaye Yor, ambako ardhini zimelala ndoto zote zilizosahauliwa na watu, picha nyembamba kama ukaya, tabaka juu ya tabaka. Anashuka gizani siku baada ya siku, anapanda na picha, anazitazama, hakuna inayomgusa. Hadi siku moja anapata picha ya mwanamume aliyevaa koti jeupe la kazi, ameshika umbo la plasta la meno. Huyo ni fundi wa meno ya bandia. Bastian hamjui. Mtu huyo amegandishwa ndani ya bonge la barafu, unamwona wazi lakini humfikii, na uso wake una huzuni. Mtoto anashikwa na hamu ya kumfikia mtu asiyemjua hata jina.

Ndiye baba yake, yule wa yai, ingawa kitabuni sikumbuki yai. Bastian anarudi nyumbani, anamkuta baba amekesha akimtafuta. Anamsimulia yote tangu mwanzo, na baba anasikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa. Machozi yanamtoka. Barafu hiyo inayeyukia jikoni, si kwenye mnara wa malkia.

Hicho ndicho ulichokuwa ukikingoja ulipokaa hadi majina yakapanda.

Lakini kuna kitu ambacho filamu haikukikata, na nashangaa hukukitaja. Fantasia inaponaje? Malkia anahitaji jina jipya, na mtoto tu wa dunia yetu ndiye anayeweza kumpa. Bastian anakumbuka kwamba mama yake alikuwa na jina zuri. Anasita, kwa sababu bado yumo ndani ya maneno ya asubuhi: miguu iwe ardhini, acha kuota. Kisha anapanda dirishani katikati ya dhoruba na kulipiga jina la mama yake kwa sauti yote aliyonayo. Kwenye filamu halisikiki vizuri, upepo unalimeza. Nadhani ulikuwa ukilipigia kelele na kaka bila kujua mnasema nini.

Sasa nirudie sentensi yako: “Siku hizi hatumtaji sana, ili asiumie.” Bibi alilala chumba hicho kwa miaka. Mtoto analala humo mpaka leo, na kitanda cha pili, ama kipo kitupu ama mmekitoa, nyumba nzima imenyamaza. Nani kakwambia haumii?

Nenda kwake. Usianze na sinema. Anza na ile Jumatano, maana hilo ndilo kosa lako halisi, siyo Jumamosi. Mwambie, “Nilisema bibi asingependa. Sikupaswa kumsemea bibi.” Halafu mwambie kwamba mlijua anaumwa sana na hamkumwambia, kwamba mliogopa, na kwamba akitaka kuuliza chochote kuhusu miezi ile mitatu utamjibu. Huenda asiulize. Huenda akauliza kitu kidogo cha ajabu, kama vile miwani ya bibi iko wapi. Mjibu hicho. Na ukifika hapo usikimbilie kumfuta machozi, wala usiyafiche yako. Hajakuona ukimlilia mama yako, na anaweza kuwa anadhani ni yeye peke yake aliyefiwa.

Mkeo naye ana neno, usimwache nje. Alichokasirikia Jumamosi si farasi. Ni kwamba mtoto aliyekwenda kulala kwake akilia ndiye aliyemwona mwenye huzuni miezi saba, na wewe umeigundua kwa sinema. Nakisia, lakini nimeshika kalamu hii muda mrefu.

Filamu yenyewe usiifungie kabatini. Mwambie binti yako farasi yuko hai, mweleze habari za jukwaa la majini, kisha mwache achague: kuendelea pale mlipoishia, kuanza upya, au kutoitazama kamwe. Akikataa, ni haki yake, na wewe bado una kanda yako na kaka yako na mito ya kochi. Akikubali, kaa ubavuni mwake ukitazama mbele. Angalizo moja: kuna mbwamwitu mweusi pangoni karibu na mwisho. Huyo anatisha kweli, tena kuliko kinamasi. Mwambie mapema.

Kama mkipata kitabu kwa lugha mnayoisoma nyumbani, ni bora zaidi. Kina sura 26, kila moja ikianza na herufi yake kuanzia A hadi Z, kwa hiyo mtoto anayejifanya hasikilizi atashika angalau mchezo wa herufi. Sura moja kila usiku, chumbani kwake, kwenye kitanda cha pili kama bado kipo. Kitakuumiza zaidi ya filamu, maana kitabuni Artax anaongea, na pale kinamasini anamwambia Atreyu aende zake asimwone akizama. Katikati kuna sura zinazokwenda polepole, miji na safari na wapiganaji. Usingizi ukiwabana, rukeni, nawaruhusu. Ya 25, ile ya mgodi, isome yote, hata kama sauti itakukatika.